Shingo ya Palahala

Pongwe, Tanga
9 Julai 2024

Kwa mume wangu mdogo Luqmani, uliye porini,

Nakusalimu, na salamu hii uipokee umesimama, usiipokee umelala. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linajifanya bibi kuliko mimi mwenyewe. Dada yako Hafsa tumbo limetoka mbele kama tikiti na mumewe kazi yake kulitazama. Yule beberu mweusi amekula kanga yangu mpya niliyoianika. Sikumpiga. Nimemwambia tu kwamba sikukuu ya kuchinja inarudi kila mwaka.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Kwanza yako haipatikani. Halafu maneno ya simu mtu huyakana kesho, ila karatasi nitakushika nayo. Mimi nilisoma kisomo cha ngumbaro miezi minane tu, nikajua kuandika Mboni binti Shekhe, na mengine nikayaongeza mwenyewe. Kwa hiyo usinijibu kwa kifupi kama unamwandikia mtu asiyejua kusoma.

Sasa neno lenyewe. Mwezi ujao babu yako Sadalla anatimiza miaka kumi kaburini. Nitamsomea hitima. Nataka nyama ya porini kwa sababu ndiyo aliyoipenda, na wewe uko huko inakotoka. Watu wakiniuliza mjukuu wako anafanya kazi gani, nawaambia anafanya kazi na wageni wa ng'ambo, kwenye kampuni ya uwindaji, amepewa buti na kofia. Wananisogezea kiti. Usije ukanitia aibu sasa nikawapa maharage.

Na kisu cha babu yako nilikupa wewe, sikumpa baba yako. Unajua kisu kile kilifanya nini. Kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi kulikuwa na watu wa kila namna, Wakatoliki wa bara, Walutheri wa milimani, na sisi wa pwani. Kila ng'ombe wa kambi ile alichinjwa na Sadalla. Hata Krismasi walimwita yeye, ili pasiwe na mtu wa kukaa kando ya sufuria wenzake wakila. Hakuacha nyumba ya ghorofa. Aliacha hilo.

Basi niambie: huko mnyama akipigwa risasi, ni wewe unayemchinja? Nataka nyama iliyochinjwa, na ije na karatasi ya bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, ili askari wa barabarani wasiisumbue.

Bibi yako ambaye hajakuchoka bado,
Mboni


Kambini, karibu na kijiji cha Kwemlandu, Handeni
2 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa goti la kushoto. Nimefurahi kusikia habari za Hafsa, na beberu mpe pole, maana naona siku zake zinahesabika. Mimi sijambo. Jua kali, mbung'o wanauma hata juu ya nguo, lakini chakula kipo na wenzangu ni watu wazuri.

Kazi yangu, bibi, ni kusoma nyayo. Mgeni anakuja na orodha ya wanyama anaowataka, kila mmoja amelipiwa kibali serikalini. Mimi natangulia mbele, nyuma yangu Bwana Robert, mwindaji mkuu wa kampuni, kisha mgeni na bunduki yake, kisha askari wa wanyamapori. Mgeni wa kwanza alitaka palahala, yule mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma mpaka zinakaribia mgongo. Tulimfuata siku tatu. Siku ya tatu nilimpata kwa majani aliyoyakata, utomvu ulikuwa haujakauka. Bwana Robert alinishika bega mbele ya mgeni akasema, huyu hana mwenzake. Nilitamani ungekuwepo.

Mgeni akishapiga picha, anachukua kichwa na ngozi ya shingo, anapeleka kwao kutundika ukutani. Nyama yote inakwenda kijijini. Watu wa Kwemlandu wanakuja na mabeseni, na kampuni imewajengea darasa. Leo hii pori hili lingekuwa matanuri ya mkaa kama si wageni hawa. Nakuambia ili usisikilize maneno ya watu.

Nyama ya hitima, fungu langu la palahala huyo, anakuletea Asheri, dereva wetu, Mlutheri wa Lushoto, mtu wangu wa karibu. Imekaushwa kwa moshi, na karatasi ya bwana nyama iko ndani ya mfuko. Ipike taratibu, ni ngumu kidogo. Kisu cha babu kiko salama, nakinoa kila asubuhi kwa lile jiwe ulilonipa.

Mjukuu wako anayekukumbuka,
Luqmani


Pongwe
30 Agosti 2024

Luqmani,

Huku kwetu salama. Hafsa sasa anatembea kama bata. Goti limepoa. Hitima imesomwa, na imesomwa ikasomeka.

Walikuja watu sitini, na niliowaalika hawafiki arobaini. Nyama niliiloweka toka alfajiri, nikaitia tui zito na ndimu na pilipili mbuzi, na wali nikapika mwenyewe, sikumwachia mtu mwiko. Maalim Idarusi, anayesomesha watoto chuoni, ambaye kila hitima huonja kidogo na kusema ameshiba, aliongezewa mara mbili. Mara ya pili alisukuma sahani mwenyewe. Wanawake wa mtaa wa juu, wale wanaojifanya wanajua kupika, waliuliza ni nyama gani. Nikasema palahala, kaileta mjukuu wangu, kaichinja kwa kisu cha marehemu. Nilisema kwa sauti.

Sasa sikiliza. Asheri wako nilimzuia asiondoke, akakaa ale na wanaume. Kijana ana adabu, kanawa, kala vizuri. Nikapita na sinia nikamwambia, na wewe ulikuwepo Luqmani alipomkata huyu shingo? Nilimuuliza kwa kujisifu tu, ili wengine wasikie. Yeye akaweka tonge chini akaomba maji. Nikampa maji. Akanywa yote, akasema, bibi, palahala ni mnyama mkubwa sana.

Mimi sikumuuliza ukubwa wake.

Nikarudi jikoni nikaichukua barua yako nikaisoma tena mpaka mwisho. Nimekuuliza neno moja Julai. Umenijibu mbung'o, umenijibu utomvu wa majani, umenijibu darasa na mkaa. Umenijibu kwamba kisu unakinoa. Hukunijibu kwamba kinakata.

Shingo ya mnyama yule ilikatwa, au haikukatwa? Andika neno moja. Sihitaji habari za hali ya hewa.

Mboni binti Shekhe


Kambini
11 Oktoba 2024

Bibi yangu, shikamoo.

Natumai Hafsa anaendelea vizuri, na wewe pia. Najua barua hii imechelewa. Nimeianza mara nne.

Haikukatwa.

Mgeni anakitaka kichwa pamoja na shingo yote mpaka mabegani, ndivyo wanavyotundika. Ukikata koo unabaki mshono, na mgeni akiona mshono anaudhika, anawaambia wenzake wasije. Siku ya kwanza kazini nilikimbia na kisu kama nilivyofundishwa. Bwana Robert akanishika mkono. Akasema, kisu hicho utakitumia baadaye, kuchuna. Na ndivyo ninavyokitumia. Nachana ngozi kwa nyuma ya shingo, taratibu, isitoboke. Nimekuwa hodari.

Kuna jingine. Palahala yule hakufa palepale kwa risasi. Mgeni alimpiga nyuma sana, akaanguka na uhai wake wote. Risasi ya pili ingeharibu bega linaloonekana ukutani, na kisu kilikatazwa, kwa hiyo tulisimama kumsubiri. Bwana Robert aliwasha sigara akaivuta ikaisha. Miguu ya mbele ya mnyama ilikuwa bado inachimba mchanga. Asheri aligeuka akaenda kufuta kioo cha gari kilichokuwa safi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, kisu mkononi, kimenolewa.

Na kijijini, bibi, wengi ni Waislamu. Nyama ikifika wazee wanauliza, nani kachinja? Bwana Robert ananyoosha kidole kwangu, anasema, huyu hapa Luqmani, mtu wa Tanga. Wanaridhika. Sisemi kitu. Nadhani ndiyo sababu hasa niliajiriwa.

Lakini usinihukumu kwa hilo tu. Yale niliyokuambia kuhusu mkaa ni kweli. Kampuni ikiondoka wakataji wataingia kesho yake, na wanyama wote watakwisha, si mmoja mmoja. Mimi nikisema, wanapoteza darasa, nami napoteza kazi, na nitarudi Pongwe kufanya nini?

Tafadhali ichome barua hii. Usimwambie mtu kuhusu hitima. Hawakujua, na asiyejua hana kosa.

Mjukuu wako,
Luqmani


Pongwe
25 Oktoba 2024

Luqmani,

Salamu hazina hatia, kwa hiyo nakupa. Hafsa amejifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, sauti kama honi ya basi la Horohoro. Hajapewa jina. Nimewaambia wasubiri.

Barua yako sikuichoma. Nilitia kiberiti mfukoni nikaenda nayo kwa Maalim Idarusi, nikamsomea yote, mpaka sigara. Akashika ndevu. Akasema, Bibi Mboni, waliokula hawakujua, hawana dhambi, na wewe hukujua, huna dhambi, liache. Nikamwambia, Maalim, nimekusikia. Jana sikujua. Leo najua, na leo ndiyo ninayoishi.

Nikamwambia amchinje beberu. Yule mweusi, na mwenzake. Nikawaita watu wote sitini, nikasimama mlangoni kabla ya sahani kugawiwa, nikasema: nyama niliyowalisha mwezi wa nane haikuchinjwa. Nilijisifu kwa kitu nisichokijua. Hii ya leo kachinja Maalim, na mabeberu nimewashika miguu mwenyewe. Wale wa mtaa wa juu walitazamana. Mmoja akasema, basi kisu cha marehemu kilifanya nini? Nikamwambia, kilikuwa kinanolewa.

Miaka sabini na mitatu, Luqmani, sijawahi kusimama mlangoni pangu nikaomba radhi. Wamekula, wamenisamehe, na yule mwanamke kaomba mchuzi wa kupeleka nyumbani. Lakini usinifanyie tena.

Sasa wewe. Usidhani bibi yako anakataa kuwinda. Babu yako alipiga nguruwe waliokuwa wanamaliza muhogo, akawapa Wakatoliki, wakafurahi. Mwenye njaa apige, na mwenye shamba alinde. Huyo mgeni wako hana njaa ya mnyama, hana ugomvi naye, katoka mbali akamwangusha, kisha anamwacha achimbe mchanga ili picha ipendeze. Hilo silijui jina lake. Ninyi mnaliita mchezo.

Unaniambia pori linasimama kwa sababu ya vichwa. Pengine kweli, mimi sikusoma. Ila kama jambo ni jema kiasi hicho, mbona swali la bibi mmoja limekufanya uandike barua mara nne? Darasa nalo ni zuri. Lakini wale wazee wanauliza nani kachinja, na wewe ndiye uongo wanaoambiwa, umesimama pale umevaa kofia. Kampuni haikuajiri macho yako tu. Imeajiri jina la Sadalla.

Nenda Kwemlandu. Waambie kwa mdomo wako. Mimi nimesimama mbele ya watu sitini kwa ajili yako na goti bovu. Wewe magoti yako mazima. Ukishindwa, rudisha kisu kwa basi, nitakatia vitunguu.

Mtoto atapewa jina la babu yako, au hatapewa. Inategemea wewe.

Mboni


Kijijini Kwemlandu
1 Desemba 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na hongera kwa Hafsa. Nimeandika kijiji hapo juu, si kambi. Nitakueleza, na safari hii kaa kwenye kiti.

Barua yako nilikaa nayo siku kumi. Mgeni mwingine alikuja, naye anataka palahala. Tukawapata kwenye mbuga ndogo asubuhi, madume wawili. Akampiga mmoja. Mnyama akaanguka, kichwa juu, anapumua. Bwana Robert akainua mkono kunizuia, kama kawaida, akatia mkono mwingine mfukoni kutafuta sigara.

Bibi, sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Nilipita chini ya mkono wake, nikapiga goti, nikataja jina la Mungu, nikakata. Palepale chini ya taya, mara moja, kama babu alivyokuwa anafanya. Alitulia kabla sijainuka. Mgeni akapiga kelele kwa lugha yake. Bwana Robert alisema kwa Kiswahili safi, umefukuzwa, kwenye gari langu shuka, nenda kwa miguu yako. Nikasema, tayari nimeshuka, Bwana.

Nilitembea kwa saa nne mpaka kijijini. Nikaenda kwa mwenyekiti, akaita wazee na akina mama, nikasimama. Nikawaambia kila mnyama waliyekula tangu Julai, yupi na yupi, na kwamba sikumchinja hata mmoja, nilisimama tu nikaonekana. Bibi, nilidhani watanipiga. Mzee mmoja alitoka nje akatapika. Mama mmoja, Bi Kibibi, akaniuliza, na huyu wa leo? Nikasema, huyu wa leo nimemkata, ndiyo maana nimekuja kwa miguu. Akasema, basi kaa, umekaushwa na jua, mpeni uji.

Gari la nyama likafika alasiri, Asheri anaendesha. Akina mama walikuwa wametoka na masufuria na mabeseni kama siku zote, lakini waliyapindua yote chini, matako juu, barabara nzima, gari lisipite. Asheri akazima injini, akashuka, akaketi juu ya sufuria moja. Bwana Robert akaja na gari jingine anauliza kuna nini. Bi Kibibi akamwambia, nyama ya leo tutaipokea kwa sababu tunajua aliyeikata. Ya kesho hatujui.

Na wewe hujui jambo hili, wala mimi sikulijua: mkataba wa kampuni na kijiji unakwisha mwezi huu. Bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali na muhtasari kusainiwa, hakuna kitalu cha kuwindia. Bwana Robert alikuja kwenye mkutano na soda za watu wote. Zilibaki kwenye kreti.

Mabishano yalikuwa makali. Vijana wengine walisema kampuni iondoke kabisa, mnyama si pambo. Wengine wakasema na mkaa je, na darasa la pili je? Hilo halijaisha, mwakani watalikaa tena, na mimi mwenyewe sijui ningepiga kura upande gani. Lakini kwa mwaka huu mmoja wamekubaliana, na kampuni imesaini. Mnyama akianguka, kisu kwanza, picha baadaye. Aliyejeruhiwa hasubiriwi. Mgeni anayetaka shingo nzima aende kwingine. Aliyekufa kabla ya kisu hauletwi mwili wake kwa jina la aliyechinjwa. Watagawiwa wasio Waislamu, wakijua. Asheri anasema Walutheri watanenepa.

Na mchinjaji hatakuwa mtu wa kampuni. Anachaguliwa na kijiji, anakwenda na kila msafara, na hakuna wa kumzuia mkono. Waliniuliza natokea wapi. Nikasema Pongwe, mjukuu wa Sadalla wa shamba la mkonge. Mzee mmoja, Methusela, aliyewahi kukata mkonge huko ujanani, akainuka nyuma kabisa. Akasema, Sadalla alituchinjia Krismasi. Hawakuendelea kuuliza.

Kichwa cha palahala yule, mgeni alikikataa, kwa sababu ya mshono. Kikabaki kwetu. Pembe alichukua bwana nyama akaziandika, na kichwa tukakipika. Bi Kibibi anasema miaka yote ya kampuni hapa hajawahi kuonja supu ya kichwa cha porini, vyote vilikuwa vinapanda ndege. Kijiji kizima kililamba vidole.

Mjukuu wako,
Luqmani, mchinjaji wa Kwemlandu


Pongwe
15 Desemba 2024

Luqmani mume wangu,

Nimekaa kwenye kiti kama ulivyosema. Kisha nimesimama.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza peke yangu. Ya pili kwa Hafsa, akalia mpaka mtoto naye akalia, nikawafukuza wote jikoni. Ya tatu nimeisoma uani baada ya sala ya Ijumaa, watu wale wale sitini, nimesimama mlango ule ule. Maalim Idarusi aliniomba nirudie pale ulipopita chini ya mkono. Nikarudia. Akaniomba tena. Nikamwambia, Maalim, macho yangu yamechoka, soma mwenyewe, akaisoma kwa sauti ya hotuba. Wale wa mtaa wa juu walikuwepo. Yule aliyeuliza kisu kilifanya nini nilimweka mbele kabisa.

Usivimbe kichwa. Ulitakiwa kufanya hivyo Julai. Wanyama wa kuanzia Julai mpaka Novemba bado wanakudai, na wale waliokula pia, na ukirudi tutakaa tuzungumze hilo, sijasahau. Na hilo swali la mwakani, la kampuni kubaki au kuondoka, usilikimbie. Mimi najua ningesema nini, lakini kijiji si changu. Waulize akina mama wa masufuria, wanaonekana wana akili.

Asheri alipita juzi. Nikampa chai na mkate wa kumimina. Nikamuuliza, na huyu palahala wa pili shingo ilikatwa? Akacheka mpaka chai ikamwingia puani, akasema, ilikatwa, bibi, na damu ilinirukia buti. Hakuomba maji.

Mtoto amepewa jina. Sadalla. Amepewa saa sita mchana, mbele ya watu, na amelia kama anajua.

Kisu ukikifuta, kipake mafuta ya nazi, usikirudishe kwenye ala kikiwa na unyevu, babu yako angekuvuta sikio. Na hiyo supu ya kichwa, hukuniambia mlitia nini. Kama mlichemsha kwa chumvi tu, mmeharibu. Kinataka ndimu na tangawizi, na moto mdogo. Mwambie Bi Kibibi nimesema, na mwambie namsalimu.

Watu wakiniuliza mjukuu wako anafanya kazi gani, sisemi tena habari za wageni wala buti. Nasema ni mchinjaji.

Bibi yako,
Mboni binti Shekhe, aliyeandika yote haya mwenyewe